Mtetea wa Bwaise na Nabii Kalooli

Hapo kale, na kale yenyewe ni ya juzi tu, paliishi Bwaise, bondeni kaskazini mwa Kampala, kuku mmoja aitwaye Mtetea. Alikuwa na mume, vifaranga saba na dini. Mume alikuwa Jogoo. Kifaranga wa mwisho aliitwa Kitinda. Dini aliirithi kwa bibi yake, aliyechakura maisha yake yote katika nyasi za kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, kilimani Namirembe.

Jogoo naye alikuwa na dini, ila yake ilikaa zaidi kooni. Kila alfajiri alipanda juu ya bati akawika, na adhana ya Kibuli, ngoma ya Namirembe na kengele za Rubaga zilipofuata, aliwaambia majirani, "Mnasikia? Wote wananifuata mimi." Nyumbani hakuchoka kukumbusha kwamba ukoo wake umetajwa katika Injili zote nne.

"Zote nne, Mama Kitinda. Ninyi akina mama mmetajwa mara mbili tu, kwa Mathayo na kwa Luka."

"Kweli, Baba Kitinda," Mtetea alijibu bila kuacha kuchakura. "Ila ninyi mmetajwa kwa sababu kuna mtu alimkana Bwana. Sisi tumetajwa kwa sababu Bwana alitafuta mfano wa huruma yake mwenyewe, akampita tai, akampita simba, akamchukua kuku na mbawa zake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake yote. Jioni vifaranga walipoingia chini ya mbawa, alijiona yuko ibadani. Asubuhi walipotoka wote, alijua sala imejibiwa. Katika mji ambao jamaa zake wengi huishia juu ya makaa ya Wandegeya, kuamka na watoto saba si jambo dogo. Hapo awali walikuwa wanane. Mmoja alichukuliwa na mwewe mchana kweupe, mama akiwa hatua tatu tu kutoka kwake.

Rafiki yake alikuwa Hajati Bata, mjane aliyehama Kibuli kuja Bwaise kwa sababu aliyoisema bila haya: yeye hutawadha mara tano kwa siku, na Bwaise maji hayakosi. Urafiki wao ulianza Hajati alipougua mayai yake yakiwa bado kiotani. Mtetea akayaatamia. Mayai ya kuku huanguliwa siku ya 21. Ya bata huchukua siku 28. Siku ya 22 Jogoo alitangaza kwamba hayo sasa ni mayai viza, mke wake ashuke arudi kazini. Mtetea akakaa wiki nzima zaidi, akiwapasha joto watoto wasio wake wala wa dini yake. Walipototoka walimwita mama, na kesho yake wakajitosa mtaroni kuogelea, mama akibaki ukingoni akipiga mayowe mpaka mtaa mzima ukatoka nje.

Hajati alipopona alisema, "Mukwano, rafiki yangu, hii wiki moja ya ziada nitakulipa nini mimi?" Tangu hapo kila Idi sahani ya pilau ilivuka mtaro, na kila Krismasi matoke yalivuka kurudi.

Basi mwezi wa Agosti 2024 jaa la taka la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Mji ukaomboleza. Jaa likafungwa. Wanadamu walipokuwa wakizika maiti wao, Kalooli alikuwa akipiga hesabu ya tumbo. Mwamjua Kalooli, korongo wa majalalani: mrefu, kipara, koti refu la kijivu mgongoni, miguu myeupe kwa kinyesi chake mwenyewe, na mfuko wa ngozi unaoning'inia chini ya shingo. Kwa miaka mingi alikuwa amekula Kiteezi bila kumhubiria mtu. Alipokosa jaa, akapata wito.

Alisimama juu ya pipa la taka pale Kalerwe, akakunjua mbawa, akapaza sauti: "Kuna mwewe juu ya maisha yako!"

Ndege wote wakatazama juu. Mwewe hayupo.

"Mmeona?" akasema Nabii Kalooli. "Amejificha."

Siku ile ile akapata waumini arobaini. Jumapili ya pili wakajaa turubai. Akawaambia anayetaka kuvunja laana ya mwewe apande mbegu. Kuku wakauliza shamba liko wapi. Nabii akaachama mdomo, akawaonyesha mfuko. Wakapanda mahindi, wakapanda mtama, wakapanda hata pumba za kuazima. Kwamba kalooli hali nafaka, hakuna aliyejisumbua kuliwaza. Kunguru, aliyefanywa shemasi kwa sababu alizaliwa na kola nyeupe, alizibeba mbegu usiku hadi sokoni, zikarudi zikiwa utumbo wa ng'ombe.

Jogoo alikuwa wa kwanza kuokoka, maana alipewa kiti cha mbele na cheo cha Mtume wa Alfajiri. Akapanda debe zima la mahindi ya nyumbani bila kumuuliza mwenye kuyachakura. Mtetea alinung'unika, lakini alifuata. Mama aliyewahi kunyang'anywa mtoto haambiwi mara mbili habari za mwewe. Akawa anakesha kila Ijumaa kuombea ulinzi wa watoto, na watoto wenyewe usiku huo wakilala na baba yao, ambaye hulala juu ya bati.

Kisha Nabii akafundisha kwamba rafiki asiye wa imani ni mlango wa mwewe. Krismasi ile matoke hayakuvuka mtaro. Idi ilipofika, pilau ilivuka kama kawaida. Mtetea hakuigusa. Jogoo aliila yote usiku, nyuma ya banda, ili, alivyoeleza mwenyewe, adui asipate pa kuingilia. Vifaranga, ambao hawakuwa wamejiunga na kanisa lolote, waliendelea kwenda kwa Hajati mchana, kwa sababu kwake kulikuwa na chakula.

Ikaja Ijumaa moja ya Aprili. Wakazi wa Bwaise hawahitaji kuelezwa: mvua ikipiga Makerere na vilima vingine, maji yote hushuka bondeni kutafuta kinamasi cha Lubigi, yakakuta wanadamu wamejenga njiani. Kwenye mkesha Nabii alikuwa ameshika mlango. "Atakayetoka kabla ya amina," alisema, "atakuwa amemfungulia mwewe." Mtetea akabaki, mbawa zikimtetemeka, akiwaombea watoto kwa sauti iliyoizidi mvua. Mpaka aliposikia, mbali, sauti ya bata ikiita. Hapo akampita Nabii chini ya miguu, akakimbia.

Alimkuta Jogoo juu ya paa. "Nimewika mara tatu!" alijitetea. "Hakuna anayeweza kusema sikutoa taarifa."

Banda lilikuwa limejaa maji hadi dirishani. Ng'ambo, kwenye kifusi cha matofali, Hajati Bata alikuwa ameshavusha vifaranga sita, mmoja mmoja mgongoni, na sasa alikuwa anamleta Kitinda, aliyeng'ata unyoya kwa nguvu zake zote. Watoto wa Hajati mwenyewe, wale wa siku 28, walikuwa wameogelea pembeni kila safari, kulia na kushoto, ili mdogo wao asiteleze.

Mtetea alikaa kwenye matofali, akawakusanya, akawahesabu kwa mdomo. Akakosa la kusema. Hajati akasema yeye: "Ile wiki moja, mukwano. Na bado sijaimaliza."

Jumapili Nabii alianza na ushuhuda, lakini ushuhuda wenyewe ulikuwa wake. Sala za mkesha, alisema, zimewaokoa watoto saba wa dada yetu. Mtu akauliza habari za bata. Nabii akajibu kwamba Mungu aweza kutumia hata chombo najisi, na tena, mafuriko yaliletwa na nani kama si urafiki na huyo huyo bata? Turubai zima likaguna kwa ufahamu. Naye akasonga mbele taratibu, kama mwenye duka anayekuja na daftari la madeni, akasema shukrani ya watoto saba ni mtoto mmoja. Malimbuko. Kitinda alelewe katika utumishi, chini ya koti la Nabii mwenyewe.

"Amina!" akawika Jogoo, aliyekuwa ameahidiwa uaskofu.

Mtetea akasimama. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu.

"Nabii," alisema, "bibi yangu alichakura Namirembe. Alituambia kanisa moja la awali kule kilimani liliangushwa na upepo mwaka 1894, na lingine likateketezwa na radi mwaka 1910. Hili tunaloliona lilikamilika 1919. Waumini wale walilia, wakajenga upya. Kama wangekuwa na akili za turubai hili, wangeacha matofali wakatafuta bata wa kumlaumu."

Kunguru akapiga kelele kwamba mwanamke anyamaze kanisani. Nabii akamtuliza kwa upole, akamgeukia Mtetea. "Binti yangu, Ibrahimu hakumnyima Mungu mwanawe."

"Hakumnyima. Na Mungu hakumpokea," Mtetea akajibu. "Hajati, mnayemwita najisi, kila Idi kubwa hukumbuka mnyama aliyechinjwa mahali pa mtoto. Nami nimefundishwa hivyo hivyo. Mimi na yeye tumetengana kwa mengi, lakini sote wawili tumeambiwa kwamba siku ile mtoto alirudi nyumbani na baba yake. Wewe dini yako ni ipi, ambayo mtoto hashuki mlimani?"

Kimya. Nabii akakumbuka silaha ya mwisho. "Mashahidi wa Namugongo walitoa kila kitu! Kila tarehe 3 Juni mnakwenda kuwaadhimisha, na ninyi mnaona uchungu wa kifaranga?"

"Walitoa vyao," alisema Mtetea. "Walikwenda kufa kwa miguu yao. Yule Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani kwa Mukajanga, ni Mukajanga aliyemtoa auawe mwaka 1886, na Mukajanga hakuwa muumini, Nabii. Alikuwa mkuu wa wanyongaji. Bwana wangu aliponitaja, alitaja mbawa. Mfuko hakuutaja."

Akamchukua Kitinda, akatoka. Nyuma yake Nabii alitangaza kwamba kuanzia saa hiyo Mtetea ni mlaaniwa, amerudi nyuma, asisalimiwe. Jogoo alibaki kwenye kiti cha mbele akitazama ukutani. Jioni alirudi nyumbani kula, akaeleza kwamba ameona vema familia iwe na mtu kila upande.

Sasa, wengine hawakuwa na ulimi wa Mtetea. Juma hilo kuku wawili wa Kawempe walitoa malimbuko, lililofuata wakatoa wanne. Kunguru akiulizwa walipo watoto hao, hujibu kwamba wamepata masomo ng'ambo. Mfuko wa Nabii ukazidi kuneemeka. Wachache walipeleka malalamiko kwa Korongo wa Taji, ndege wa taifa. Walimkuta kazini, yaani kwenye bendera, mguu mmoja juu kuonyesha kwamba nchi inasonga mbele. Mguu huo ameuinua tangu 1962 na hajaukanyagisha popote. Aliwaambia mambo ya imani ni nyeti, waandike barua, warudi baada ya uchaguzi.

Hapo ndipo jambo jipya lilipoanza. Ijumaa moja, magharibi, kuku mmoja wa kanisani alikuja mlangoni kwa Mtetea akipita kichochoroni asionekane. Alikuwa na vifaranga watano. Alisema anakwenda mkesha, na kwamba banda lake lina unyevu, basi kama haitakuwa taabu. Hakutaja jina la Nabii. Mtetea hakumuuliza. Ijumaa iliyofuata walikuja wawili, mmoja kisingizio chake kupe, mwingine panya. Kabla mvua hazijakatika, mbawa za Mtetea hazikutosha, ikabidi Hajati achukue nusu, naye akaomba tu apewe nafasi ya kutawadha kabla hawajamjaa mgongoni. Watoto wake wakubwa walilala mtaroni, wakilinda upande wa maji.

Kanisa la Nabii halikupungua mtu hata mmoja. Hesabu ya akina mama ilikuwa ile ile, nyimbo zilikuwa zile zile. Ila sahani ya malimbuko ilianza kurudi mbele ikiwa na njugu mbili na visingizio. Nabii alitafuta sababu, akaipata palepale alipoizoea: kila ibada akamlaani Mtetea wa Bwaise kwa jina, na kila alipomlaani, sauti zilizopanda juu kuliko zote kuitikia zilikuwa za akina mama wale wale wa Ijumaa.

Habari zilimfikia Hajati, zikamchoma. "Mukwano, leo tena wamekulaani. Mwenye wale watano ndiye aliyesimama juu ya benchi. Nami nimekesha na wanawe mgongoni mwangu, mmoja ana kikohozi! Kwa nini huwaambii ukweli wao machoni?"

Mtetea alikuwa akimpangusa kifaranga asiye wake mchanga machoni.

"Waache waitikie, Hajati," alisema. "Nikiwaaibisha, wataanza kwenda na watoto."