Maskini wa Kiwango Kinachotakiwa

Kupata nyumba kupitia shirika la hisani hapa Columbus, Ohio, kunahitaji umaskini wenye nidhamu. Ukizidi kuwa maskini, hutaweza kulipa mkopo, basi unaambiwa pole. Ukipungua umaskini, unaambiwa hongera, na hongera hiyo ni chungu kuliko ile pole, kwa sababu nyumba za shirika umezivuka na za sokoni hujazifikia. Kazi yako ni kukaa katikati ya mistari miwili, bila kutikisika, mpaka karatasi zipite.

Habari kwamba nimeomba nyumba zilipofika Tanga, shangazi alipiga vigelegele kwenye simu. "Wazungu wanakupa nyumba ya bure!" Nikamweleza kwamba si ya bure. Programu nyingi za namna hii zimefuata nyayo za Habitat for Humanity, shirika lililoanzishwa Georgia mwaka 1976 na Millard Fuller na mkewe Linda. Unathibitisha kwamba una shida ya makazi, unathibitisha kwamba utaweza kulipa, kisha unakubali kutoa jasho kwenye ujenzi. Baada ya hapo unalipa kila mwezi, pengine kwa miaka 30. "Miaka 30!" shangazi akaruka. "Marehemu baba yako alijenga tofali kwa tofali, hakudaiwa hata senti." Ni kweli kabisa. Nami nimekulia humo, katika nyumba yenye chumba kimoja cha bati na vingine vya nyota.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa krediti. Dada wa ofisini alitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi kwa huruma, kama daktari aliyeshika majibu. "Huna krediti," akasema. Nimelelewa na methali ya kukopa harusi, kulipa matanga, na tangu nitue Marekani nilikuwa nimeikwepa harusi na matanga kwa pamoja. Nikamjibu kwa fahari kwamba sidaiwi na mtu yeyote.

"Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Alama za krediti huanzia 300 hadi 850, na asiyewahi kukopa hapewi hata hiyo 300. Dawa yake ni kadi ya mkopo yenye dhamana: unapeleka benki dola 200 zako, benki inazishikilia, halafu inakukopesha dola 200. Unanunua maziwa, unalipa, unanunua mafuta ya gari, unalipa, na baada ya walau miezi sita mfumo unakiri kwamba upo duniani. Mke wangu, Mama Zuhura, ameshika mchezo wa akina mama kwa miaka, fedha zinazunguka mkono kwa mkono na hakuna aliyewahi kukimbia na zamu yake. Nikamwuliza dada kama hilo linahesabika. Akasema angependa, ila halina karatasi.

Kikwazo cha pili kilikuwa kipato. Mimi ni mbeba boksi, na sisemi kwa mafumbo: nafanya kazi ghalani. Mashirika mengi huweka dari kwenye asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, na Desemba ghalani ni mwezi wa ovataimu. Kwa mara ya kwanza maishani nikamfuata msimamizi kumsihi asinipe saa za ziada. Akadhani nimepata kazi kwa mshindani wake, akaniongezea.

Nyumbani kulikuwa na binamu Saidi, aliyekuja kutusalimia kwa wiki mbili na mwaka ukamkuta kwenye sofa. Fomu inataka kila anayelala nyumbani, na kipato cha kila mtu mzima kinajumlishwa. Saidi asiye na kazi alikuwa neema, kwani idadi yetu iliongezeka na dari ikapanda. Ndipo akapata kazi ya usiku. Tulimkumbatia, tukamwombea dua, kisha Mama Zuhura akatoa kikokotoo. Mpaka leo Saidi hajaelewa kwa nini siku aliyopata kazi ndiyo siku tuliyomtafutia chumba.

Lakini kivumbi kilitimka kwenye taarifa za benki. Nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu, cheo ambacho hupewa aliyechelewa kikaoni. Mzee mmoja akafariki, na mwili ulitakiwa kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Kamati ikaundwa usiku uleule, namba ya akaunti ikabandikwa kwenye grupu la WhatsApp, na akaunti ilikuwa yangu. Fedha zikaanza kumiminika kutoka Texas, Minnesota na kwingineko, kila mchango na maneno yake: "Poleni wafiwa." "Rambirambi, familia nzima." "Pungufu nitamalizia Ijumaa." Siku chache baadaye zote zikatoka kwa mpigo mmoja kwenda kwa wenye kampuni ya mazishi.

Dada alikuwa amezipaka zote rangi ya njano.

"Hawa wote wanakulipa kwa kazi gani?"

"Kuna mtu alifariki."

Akaweka kalamu chini. "Pole sana. Ndugu yako?"

"Hapana. Niliwahi kukaa naye meza moja harusini."

"Na hawa waliotuma, wanamfahamu?"

"Baadhi."

Akaivuta karatasi karibu. "Huyu wa Ijumaa alimalizia?"

"Hapana."

"Kwa hiyo mnamdai."

"Hatumdai. Tunamfahamu."

Mkopeshaji hutaka kila fedha kubwa iliyoingia ielezwe kwa barua, basi nikaketi kuandika barua za msiba kinyumenyume, nikithibitisha kwamba fedha zile hazikuwa zangu na kwamba marehemu alikuwa marehemu kweli. Nilipodhani nimemaliza, akanionyesha mstari unaojirudia kila mwezi: Mama.

"Hili ni deni?"

"Si deni."

"Unaweza kulisitisha?"

Nikajaribu kuiwaza simu ya kumwambia mama hivyo. "Hapana."

"Basi linafanana sana na deni."

Jambo lenyewe si la mzaha. Madeni yote ya mwezi, pamoja na malipo ya nyumba mpya, hayatakiwi kuvuka sehemu fulani ya kipato, mara nyingi asilimia 43. Ipo safu ya mkopo wa gari, ipo ya mkopo wa masomo, ipo ya matunzo ya mtoto. Ya mama mzazi haipo. Hatimaye dada alimweka mama yangu kwenye matumizi ya hiari, pamoja na sinema na chakula cha hotelini. Mama hajaambiwa.

Na cha ajabu, yule Fuller kabla ya kuanzisha shirika lake alihamia Mbandaka, Zaire ya wakati huo, mwaka 1973, na ndiko alikoujaribu mpango wake wa nyumba. Mtu amekaa Kongo karibu miaka mitatu, hakosi kupita kwenye matanga. Angerudi Georgia na safu moja tu ya nyongeza kwenye fomu, tungemaliza mapema.

Kisha wajumbe wawili wa kamati ya shirika wakaja kuona tunavyoishi. Kwenye fomu tulikuwa tumetaja ukungu wa ukutani kama shida yetu ya kwanza. Mama Zuhura alikuwa ameamka alfajiri akausugua kwa jiki, na mabaki yake akayafunika kwa picha ya Kaaba.

"Hawa wamekuja kuona ukungu," nikamnong'oneza.

"Mgeni haonyeshwi ukungu."

Picha ilishushwa kwa mazungumzo marefu. Pilau aliyowapikia ilikwama palepale: wajumbe hawaruhusiwi kupokea chochote kwa mwombaji. Mama Zuhura aliwasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa adabu zote, akapakua. Waliondoka wameinusa tu, nasi tukaila mpaka ikatuchosha.

Barua ya kukubaliwa ilipokuja, lilibaki jasho, saa mamia kadhaa za kugongelea misumari nyumba za wengine na yetu. Shirika letu linaruhusu ndugu na marafiki wachangie sehemu ya saa hizo, nami nikatangaza hivyo kwenye grupu. Jumamosi hiyo watu walizidi nyundo. Alikuja Saidi moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, walikuja wa rambirambi na watoto wao, akaja pia mwanamke mwenye sufuria ya chai asiyejulikana na yeyote. Dada wa ofisini alizunguka na karatasi ya mahudhurio akiuliza kila mmoja uhusiano wake nami, na wengi walijibu, "Ndugu." Karatasi ilijaa, akageuza nyuma, akaendelea kuandika. Kumbe safu yetu ilikuwepo, ila ilikuwa ya saa badala ya dola.

Alinisihi jambo moja tu: mpaka siku ya kusaini, akaunti itulie. Nikajiuzulu uweka hazina. Wajumbe wa jumuiya walinishukuru, wakaniombea heri, na jioni hiyohiyo wakamchagua bila kupingwa mtu mwaminifu mwenye uzoefu wa kushika mchezo, Mama Zuhura. Akaunti yetu ni ya pamoja. Kabla sijamaliza kusoma tangazo, simu ikalia kwamba fedha zimeingia, na maneno yake: "Samahani kwa kuchelewa. Hii ndiyo ile ya Ijumaa."