Shangazi Mgongo Anajibu

*Shangazi, wenzangu wa ofisini walinialika Milima ya Ngong Jumamosi iliyopita. Nikanunua begi la lita 65, kamba zimening'inia pande zote, nyingi sijui kazi yake. Kwenye matatu makanga akanitoza viti viwili. Nilikosea wapi? — Mnyonge wa Lavington*

Mwanangu, makanga hakukuonea. Lita 65 ni mzigo wa mtu anayehama: hema, blanketi, sufuria, siku nne Mlima Kenya. Wewe ulikuwa unatembea tu milimani, jioni ulale kwako. Kilele cha Ngong kiko mita 2,460, na hapo Lavington tayari unaishi zaidi ya mita 1,700. Sehemu ya mlima ulipandishwa na matatu, tena ukiwa umekaa. Kwenye viti viwili.

Lita 20 hadi 25 zinakutosha: maji lita mbili, koti la mvua, chapati, mayai ya kuchemsha, na sweta. Sweta usiiache, maana upepo wa Ngong unazungusha mitambo ya umeme, sembuse fulana yako. Begi kubwa lina ulafi. Likiona pembe tupu linaomba kulishwa. Nimewahi kupanda na binti aliyebeba thamosi ya lita tano na mwavuli wa harusi. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu, "Nafasi ilikuwepo."

*Shangazi, pale soko la Toi nimeonyeshwa begi la mtumba. Muuzaji anaapa ni kamera, halina hata mkwaruzo. Nitajuaje? — Mchaguzi wa Kawangware*

Kamera ni daraja la mtumba, si cheti cha daktari. Ingiza mkono hadi chini. Ukihisi ndani kunanata, au utando unabambuka kama ngozi ya nyoka, rudisha. Hiyo ndiyo kinga ya maji inakufa, na harufu yake haitoki kwa sabuni. Zipu ifungue na kuifunga mara kumi, muuzaji akinuna mwache anune.

Kisha nenda dukani ununue pakiti tatu za unga za kilo mbili. Zitie ndani, vaa, kaza mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ulegeze kidogo kamba za mabegani. Mzigo ukihamia kiunoni, hilo ni lako. Ukibaki ukining'inia mabegani, halikufai. Mkanda ukikalia makalio, mgongo wa begi ni mrefu kuliko wako. Wafupi wengi wamelia kwa sababu hii huku wakilaumu mlima. Fundi cherehani wa jirani anaweza kukupima: kutoka kwenye ule mfupa unaochomoza shingoni ukiinamisha kichwa, hadi usawa wa nyonga. Rangi iulizie baadaye. Unga nenda nao nyumbani.

*Shangazi, kifuniko cha begi cha mvua ni lazima? — Mwoga wa Kangemi*

Hakitoshi peke yake: hakifuniki upande unaogusa mgongo, na maji yanaujua mlango huo. Nguo kavu na simu zitie kwanza kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya begi.

*Shangazi, mume wangu habebi begi. Tukienda Longonot yeye hushika chupa ya maji mkononi kama mgeni rasmi. Vingine vyote mgongoni mwangu. — Punda wa Kileleshwa*

Dada yangu, kupanda Longonot, kuzunguka ukingo wa shimo na kurudi langoni ni kilomita zaidi ya 13 za vumbi na jua, na huko juu hakuna kioski. Chupa yake, ikiwa ni ile ya plastiki ya kutupwa, ni tatizo tayari: tangu tarehe 5 Juni 2020 hairuhusiwi katika mbuga za taifa. Langoni watakusaidia kumsema.

Mnunulie begi lake la lita 18, rangi aipendayo. Siku ya safari pakia lako tu. Mkifika ukingoni, keti, fungua chapati yako taratibu. Akiuliza yake iko wapi, mwambie aangalie mgongoni mwake.