Maombi ya Kazi ya Shahidi Huru wa Kudumu, Mkoa wa Singida

Kwa Kamishna Jenerali,
Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Singida, mtu mzima, mwenye akili timamu, na elimu yangu inatosha kuandika jina langu chini ya karatasi ambayo sikupewa nafasi ya kuisoma. Kwa sifa hizo naomba kazi ya shahidi huru wa kudumu katika barabara zetu kuu.

Nianze na pongezi. Desemba 2023 mlitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, shehena ambayo nchi hii haikuwahi kuiona. Mzigo wa hadhi hiyo sisi tunausikia redioni tu. Singida tuna njiapanda: lami ya kutoka Manyoni inaendelea Iguguno na Shelui kuelekea Mwanza, nyingine inakata kwenda Katesh, Babati na Arusha. Anayekamatwa huku ni abiria wa siti ya nyuma, katikati ya magunia ya vitunguu na matenga ya kuku, ambaye mtu fulani wa stendi alimwomba amfikishie kiroba. Mwenye kiroba hasafiri na basi. Abiria akitiwa hatiani kwa usafirishaji, ni miaka 30. Mzigo ukiwa mkubwa, ni maisha.

Kwa adhabu nzito kiasi hicho, sheria iliweka masharti machache. Sitaji namba za vifungu, kwa sababu Toleo la Marekebisho la 2023 limezihamisha nyingi na mawakili wenyewe bado wanazitafuta. Kwa kifupi: upekuzi uwe na hati, ufanyike mchana isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo, awepo shahidi huru, na kilichochukuliwa kiandikiwe hati ya ukamataji isainiwe palepale. Bila hati ya upekuzi, iwe ni dharura.

Na hapa ndipo nchi yetu ilipojaliwa, Mheshimiwa, maana dharura hazituishii. Msiri anatoa taarifa Jumatatu, askari wanajipanga Jumanne, Jumatano wanatafuta mafuta ya gari, Alhamisi saa nane usiku wanagonga mlango, na hakimu anaambiwa hapakuwa na muda wa kuomba hati.

Saa nane hiyo ndipo mwenyekiti wa kitongoji anapofuatwa. Anatoka na ndala, shati amelifunga kifungo kimoja, na kofia ya chama ameivaa upande kwa usingizi. Akifika, begi liko wazi sakafuni, vifurushi vimepangwa kama sabuni dukani, na mwenye nyumba amekaa chini na pingu. Anaulizwa, "Mwenyekiti, unaona?" Anaona. Anamulikiwa kwa simu, anawekewa karatasi juu ya boneti ya gari, anaonyeshwa pa kusaini. Mwaka mmoja baadaye wakili atamuuliza kizimbani: "Begi lilipofunguliwa ulikuwepo?" Mwenyekiti ni mtu wa kanisani. Atasema hakuwepo.

Baada ya hapo mzigo unaanza safari yake. Tangu Mahakama ya Rufani iamue kesi ya Paulo Maduka, kila mkono uliopokea kielelezo unatakiwa uonekane kwenye maandishi: aliyekamata, aliyetunza ghala, aliyepeleka kwa Mkemia Mkuu, aliyerudisha. Ni daftari na kalamu tu. Lakini ukisoma hukumu za rufaa, utadhani kalamu ndiyo bidhaa iliyopigwa marufuku. Bangi imefika maabara, haijulikani nani aliipeleka. Imerudi, haijulikani ilirudi kwa nani. Majaji wanaandika kwa upole kwamba mashaka yapo, na mrufani anaachiwa akiwa ameshamaliza miaka kadhaa gerezani. Watu wanawalaumu mawakili kwamba wanatetea wauzaji. Mimi sisemi wauzaji waachiwe, Mheshimiwa. Nasema ndivyo wanavyoachiwa, na asiye na hatia anatoka nao mlango huohuo, amechelewa kama wao.

Tuje kwenye maelezo ya onyo. Sheria inatoa saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu akamatwe, na zinaweza kuongezwa. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi, na ndiyo maana katika baadhi ya majalada Shelui iko mbali na Singida mjini kuliko ilivyo kwenye ramani. Lakini kinachonishangaza zaidi ni fasihi. Mzee wa Mgori, ambaye maisha yake yote anaongea Kinyaturu na sokoni humaliza biashara kwa maneno matatu, akifika kituoni anasimulia hivi: "Mnamo majira ya saa mbili usiku nikiwa maeneo ya nyumbani kwangu, niliweza kukamatwa nikiwa na dawa za kulevya, na ninakiri kosa hilo kwa hiari yangu bila kushurutishwa na mtu yeyote." Kijana wa Itigi naye hivyohivyo, na mama wa Kiomboi hivyohivyo. Nchi nzima wahalifu wamesoma kwa mwalimu mmoja wa insha.

Wakifika mahakamani wanayakana maelezo hayo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaonya mwaka 1967, katika kesi ya Tuwamoi ya Uganda, kwamba maungamo yaliyokanwa yapokewe kwa tahadhari. Lakini Sheria yetu ya Ushahidi ina busara yake: ungamo halikataliwi kwa sababu tu mtu alitishwa au aliahidiwa kitu, mpaka mahakama ione kwamba kitisho hicho kilikuwa cha kuweza kumfanya akiri uongo. Kwa hiyo kuna vitisho vinavyozaa ukweli. Ningeomba Mamlaka ituchapishie orodha ya vitisho hivyo.

Sheria hii tuliirithi kutoka India. Tangu 1920 Tanganyika ilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyokataza ungamo lililotolewa kwa polisi kutumika dhidi ya mshtakiwa. Waliotunga katazo hilo ni Waingereza, watu wasiosifika kwa kumhurumia mtawaliwa. Walijua tu polisi wao walivyokuwa wakiyapata maungamo. Mwaka 1967 tulitunga sheria yetu na kulibakiza. Mwaka 1980 tukaliondoa. India wamebaki nalo, na Oktoba 2020, katika kesi ya Tofan Singh, Mahakama yao ya Juu ikasema hata maofisa wa dawa za kulevya ni polisi kwa jambo hili, hivyo ungamo mbele yao halimfungi mtu. Tangu Julai 2024 sheria yao mpya inataka pia upekuzi urekodiwe kwa video. Huku simu za video hazikosekani. Tunaziona siku ya kuwaita waandishi wa habari, mtuhumiwa amesimamishwa nyuma ya mzigo. Zikosekane tu mlango unapogongwa?

Masharti yangu ya kazi ni haya. Mshahara mtapanga wenyewe. Nitakuja mchana na usiku, kwa bodaboda yangu. Nitafika kabla begi halijafunguliwa, nitahesabu kwa sauti, nitasoma karatasi mpaka mwisho ndipo nisaini, na nitabaki na nakala. Najua masharti haya yanaweza kuninyima kazi, kwa hiyo niko tayari kuanza kwa majaribio katika wilaya moja. Napendekeza Manyoni, maana magari mengi yanasimama pale kula.

Mtuhumiwa akitaka kukiri, apelekwe kwa mlinzi wa amani, hakimu wa mahakama ya mwanzo, ambaye hakumkamata na hana haraka naye. Kama ni hiari kweli, itafika mpaka huko.

Naambatisha barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa wangu, ambaye ameisaini na kuigonga muhuri bila kuisoma.

Wako mtiifu,

Mwombaji,
Singida.