Hotuba ya Mjuzi wa Jezi kwa Watu wa Iringa

Mabwana na mabibi wa Iringa, nawashukuru kwa kuhudhuria, ingawa shukrani hasa zilistahili kutoka kwenu kuja kwangu, kwani si kila siku mji wenu hujaaliwa kutembelewa na mtu ambaye, katika ilmu ya kuthibitisha jezi iliyovaliwa uwanjani kwa kuilinganisha na picha, hana mwenzake kuanzia Tunduma hadi Kitonga. Na nasema haya bila ya kujisifu, maadamu wa kunisifu hajatokea.

Misingi ya ilmu hii nitaipitia upesi. Jezi za kiwanda kimoja hushabihiana kwa mbali, lakini kila moja ina kasoro zake: mshono wa ubavuni huukata mstari mahali tofauti kidogo, namba hubandikwa imeegemea upande, na uzi uliochomolewa na beki mwenye hasira hauchomoki vivyo hivyo katika nguo mbili. Mkaguzi huzisaka kasoro hizo katika picha za siku ya mchezo. Akiziona zote mahali pake hushuhudia, na akiona moja inayokataa hunyamaza. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, pale Sotheby's walipoipiga mnada jezi aliyoivaa Maradona alipoifunga Uingereza mabao mawili tarehe 22 Juni 1986. Binti yake alidai kuwa ile ni ya kipindi cha kwanza, ilhali mabao yote yalifungwa cha pili. Wakaguzi wakarejea kwenye picha, wakatoa yakini, na jezi ikanunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 7. Iliwasaidia kwamba jezi zile zilinunuliwa kwa pupa dukani Mexico City, nembo zikashonewa na namba zikabandikwa kwa pasi, hata kila moja ikawa na upogo wake.

Mimi nimekwisha kuivuka daraja hiyo, kwani kunyamaza si sifa ya mjuzi.

Tazameni jezi hii ya zambarau, niliyoitoa katika fungu la mitumba pale Mwanjelwa. Ni ya Mbeya City ya msimu wa 2013/14, walipoingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza chini ya Juma Mwambusi, wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Picha yake, iliyopigwa Uwanja wa Sokoine, inamwonyesha mchezaji kwa mbele, na namba ya jezi iko mgongoni. Kwa hiyo namba haikupingana na picha hata chembe. Katika picha mkono umechanika, katika jezi mkono ni mzima: alama ya fundi cherehani hodari, ambaye kazi yake haionekani. Begani pana nembo ya NBC, benki iliyoanza kuidhamini ligi mwaka 2021, jambo ambalo mtu wa papara angeliita kasoro. Mimi naliita burhani ya kwamba mwenyewe aliienzi miaka saba, kisha akaipamba upya.

Nanyi Wanapaluhengo msinune. Hii ni jezi ya Lipuli ya fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2019, mliyofungwa na Azam bao 1-0 kule Lindi. Kijana mmoja ameniuliza mlangoni kwa nini ina udongo wa Uwanja wa Samora, wa hapa Iringa. Nimemjibu kuwa jezi huanikwa nyumbani.

Ama hazina yangu kubwa ni ya mwaka ule ule wa Maradona, 1986, Tukuyu Stars wa Rungwe, wageni kabisa katika ligi, walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Picha nilizonazo zimekatwa katika magazeti ya zama hizo, nyeusi na nyeupe, zenye vitone vingi kuliko sura, nazo ni neema iliyoje kwa ilmu yangu, kwa kuwa hazijapata kuikataa rangi yoyote! Ninazo jezi tatu, ya kijani, ya njano na ya buluu, zote za mchezaji mmoja katika mchezo mmoja, na zote nimezithibitisha kwa picha moja.

Wenye jezi za kukaguliwa wapange mstari kushoto. Cheti ni shilingi elfu ishirini; atakayekuja na picha yake mwenyewe ataongeza elfu kumi, kwa usumbufu.