Majaji wa Kwenye Kochi

Hongera kwa wahakiki wetu wa sebuleni. Filamu ni ya saa tatu, wao huangalia mwanzo, hupokea simu, husinzia, huzinduka majina yanapopanda, kisha hutoa hukumu: "Picha mbovu, haieleweki." Itaelewekaje, na katikati yote imeliwa na mkoromo?

Sheria zao ni chache. Ya kwanza: steringi hafi. Ndiyo maana Commando ya 1985 ni picha kali. Arnold Schwarzenegger anamaliza jeshi zima peke yake, risasi za maadui zikimpisha kwa adabu. Titanic ya James Cameron ilibeba Oscar 11, lakini rufaa iliposikilizwa kwenye kochi ikaanguka: steringi Jack kafa kizembe, na ule ubao aliopandia mpenzi wake Rose ungewatosha wawili. Meli imegonga barafu, lawama kabebeshwa Rose.

Sheria ya pili: filamu ya nyumbani haina ladha mpaka wageni waionje. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Tangu hapo jaji wetu anaisifia sana, "kwa ujumla." Ukimuuliza ni wapi hasa pamemgusa, anakohoa na kuulizia chai.

Msimwonee lakini. Kuangalia filamu ni kazi ya kujifunza. Maoni mtu huzaliwa nayo.