Kiyoyozi Kwanza, Kompyuta Baadaye

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku ile ilikuja kulegezwa taratibu, lakini nilipoajiriwa kuziuza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya tisini, wateja wangu wengi walikuwa wamezisikia kama wanavyosikia habari za theluji.

Duka letu lilirithi mabango ya IBM ya miaka ya themanini, yale yenye mwigizaji aliyevaa kama Charlie Chaplin: kofia ya duara, suruali iliyopwaya, kifimbo. Wamarekani walimchagua ili mashine isiwatishe watu. Sisi alituponza. Mkurugenzi mmoja wa kampuni ya malori alilitazama bango kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kijana, huyu ndiye aliyenunua?"

"Ndiye, mzee."

"Na suruali ile?"

Nikakunja bango langu, nikaaga.

Vijitabu vya mauzo navyo vilidai mama wa nyumbani atatunzia humo mapishi yake. Shangazi yangu akataka kujua ni mtu wa namna gani anayesahau pilau. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kompyuta ya jikoni ya kampuni ya Honeywell ya Marekani ilitangazwa mwaka 1969 kwa dola 10,600, na hajulikani hata mtu mmoja aliyeinunua. Shangazi alikuwa na wenzake Marekani, ila hawakufahamiana.

Lakini aibu yenyewe ilikuwa kwenye maonyesho. Mwaka 1994, ukame umepunguza maji ya mabwawa na umeme ni wa mgao, tulipandisha mashine kwa ngazi hadi ofisi ya mteja mmoja ghorofa ya nne, maana lifti nayo ilikula umeme huohuo. Ilikuwa ya aina ya 386, yenye diski ya megabaiti 40, ambayo siku hizi haitoshi video ya kukata keki. Nikafungua programu ya mahesabu ya Lotus 1-2-3, nikaingiza mishahara ya ofisi nzima. Mhasibu, mzee wa miwani, alikuwa pembeni na kikokotoo chake akihakiki kila jumla, na kila ilipolingana alinuna zaidi. Nilikuwa nakaribia kuhifadhi kazi umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi, mishahara ikaenda nayo. Mhasibu akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Katibu muhtasi, dada ambaye tangu tuingie hakuitikia salamu yetu, akavuta taipureta yake, akachomeka karatasi, akaanza kuigonga. Alimaliza barua na nakala zake sisi bado tunasubiri umeme. Sina hakika kama barua zile zilikuwa na mtu wa kumwandikia.

Kilichotuokoa ni sharti moja la dhamana: mashine isiwekwe penye joto wala vumbi. Mkurugenzi wa ofisi ileile, shati limemganda mgongoni kwa joto la Februari, alilisoma mara mbili.

"Yaani nikinunua kompyuta, kiyoyozi ni lazima?"

"Lazima, mzee. Bila hicho dhamana inakufa."

"Na bodi haiwezi kukataa?"

"Itakataaje? Imeandikwa."

"Na itakaa chumba gani?"

"Utakachoona kinafaa, mzee."

"Basi ikae kwangu."

Tangu siku hiyo nikaacha kuhubiri habari za kasi na kumbukumbu. Nilianza na sharti la joto, na sahihi zikamiminika. Nilipokwenda kukagua ile ofisi ya ghorofa ya nne nilikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua ya plastiki, na wafanyakazi wanavua viatu mlangoni. Mhasibu alikuwa na ruhusa ya kuitumia, ila kila alipobisha hodi bosi alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye ubaridi. Hakuna mteja wa aina hiyo aliyewahi kuniletea malalamiko kuhusu kompyuta. Malalamiko yote yalihusu gesi ya kiyoyozi.

Mwenye duka naye si mjinga. Kabla mwaka haujaisha alibadilisha kibao cha mlangoni kikasomeka "Viyoyozi na Kompyuta", kwa mpangilio huo.