Heko kwa -st

Maharusi wana waimbaji wao, na wanasiasa hujisifu wenyewe. Leo tumsifu asiyesifiwa na mtu: kiambishi -st cha Kijerumani, kinachobandikwa kwenye kivumishi ili kitu kivipite vingine vyote kwa wema, urefu au ubaya. Wanafunzi hukilaani usiku na mchana. Hawajui kheri zake.

Kheri ya kwanza ni kuwatia adabu wenye majivuno. Kwetu mtu husema “gari langu lina mbio kuliko yote”, akanywa chai yake, yakaisha. Kwa Kijerumani majivuno yana ushuru. Gari likiitwa Auto, halina ujike wala uume: das schnellste Auto. Likiitwa Wagen, papo hapo ni dume: der schnellste Wagen. Ukilinunua, sema den schnellsten Wagen. Ukisafiri nalo, mit dem schnellsten Wagen. Mpaka mwenye gari amalize kupanga viambishi, aliyekuwa akiringiwa ameshapanda daladala na kwenda zake.

Kheri ya pili ni kufundisha subira. Alt huvikwa nukta mbili, ikawa älteste. Klar hunyimwa, ikabaki klarste. Heiß huongezewa e ili ulimi upate pa kupumzikia: heißeste. Groß, yenye mwisho uleule, haitaki msaada: größte. Gut nayo huhama nyumba kabisa, ikaonekana tena kwa jina la beste. Ukiuliza sababu, unaambiwa kariri. Aliyeyavumilia haya hatasumbuliwa tena na foleni ya ofisi yoyote.

Kheri ya tatu ni huruma. Tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na -st imemwekea kiti huyo anayekubali. Kuna zweitbeste, aliye bora baada ya aliye bora. Hamburg ni zweitgrößte, mji wa pili kwa ukubwa Ujerumani. München ni drittgrößte, wa tatu. Wote wamevaa -st ileile anayovaa Berlin. Na asiyetosheka na ushindi ameruhusiwa allerbeste, hata allerallerbeste, mradi pumzi imtoshe. Ila akithubutu kusema einzigste, yaani “wa pekee kuliko wa pekee wote”, mwalimu atamkatiza kabla hajafika nukta.

Lakini sifa yake kuu ni utiifu. Mwaka 1889 wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kilimanjaro, na Meyer akakiita kilele hicho kwa jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani. Kwa miaka kadhaa watoto wa shule Ujerumani walifundishwa kwamba der höchste Berg, mlima mrefu kuliko yote, wa dola yao uko Afrika. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawanyang'anya Wajerumani koloni lao la Afrika Mashariki, na mlima ukaenda nalo. Ikabidi waridhike na mlima wa kwao, Zugspitze, mita 2,962, badala ya mita 5,895. Höchste haikununa wala haikubadili hata herufi moja. Kilichopungua ni mlima tu, karibu mita 3,000.

Mtumishi wa namna hii anastahili taji, tena lililo zuri kuliko yote. Tungemvika sasa hivi, kwa Kijerumani fasaha, ila taji nalo lina jinsia yake, na kamusi imeazimwa na jirani.